Jinsi ya kuchonga na kuchapa picha ya pwani kwa njia ya Kijapani: mwongozo kamili

Noti mpya ya yen 1000 ya Japani, iliyoanza kutumika Julai 2024, ina wimbi mgongoni. Ni lile lile la Katsushika Hokusai tunaloliona kwenye fulana, vikombe na makava ya simu: povu lenye kucha, mashua tatu zimeinamisha vichwa, na mlima Fuji kwa mbali, mdogo kama kichuguu. Wengi hudhani ni mchoro wa brashi, na kwamba ule wa asili umefungiwa kwenye jumba moja la makumbusho. Haupo. Picha hiyo ilichapwa, karatasi moja baada ya nyingine, kutoka kwenye mbao za mcheri zilizochongwa kwa mkono, bila mashine yoyote. Nakala za miaka ya 1830 zimetapakaa duniani, na kila moja ina haki ya kuitwa ya asili.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutengeneza picha ya pwani kwa njia hiyo hiyo, nyumbani, juu ya meza ya kawaida. Tenga siku tano hivi, si lazima zifuatane. Nikuambie mapema kitakachokusumbua: si kisu. Kuchonga kunataka subira tu, na subira mtu huizoea. Kinachowashinda watu ni maji. Rangi hapa ni ya maji, gundi ni uji, karatasi imeloweshwa, ubao nao umeloweshwa, na kila hatua inakurudisha kwenye swali moja: unyevu kiasi gani? Karatasi nilizoharibu ni nyingi kuliko nilizookoa, na kisu kimehusika katika chache mno.

Jambo jingine la kukupa moyo: zamani kazi hii haikuwa ya mtu mmoja. Enzi za Edo, mji ambao leo ni Tokyo, mchapishaji (hanmoto) alitoa mtaji na kuamua kitakachouzwa, mchoraji (eshi) akachora, mchongaji (horishi) akachonga, mchapaji (surishi) akachapa. Hokusai alijifunza uchongaji ujanani, lakini wimbi lake lilichongwa na kuchapwa na mafundi wa mchapishaji Nishimuraya Yohachi, na majina yao hayamo kwenye picha. Wewe utakuwa wote wanne. Usijilaumu siku ya kwanza ukiwa mchoraji mzuri na mchapaji wa ovyo.

Hatua ya 1: Chagua picha ya kujifunzia

Usianze na lile wimbi. Vidole vya povu vile vitakufanya uache kazi siku ya pili. Anza na Utagawa Hiroshige (1797–1858). Mwaka 1833 na 1834 zilitoka picha zake 55 za barabara ya Tokaido, iliyounganisha Edo na Kyoto: vituo 53, pamoja na mwanzo na mwisho wa safari. Kituo cha 18 ni Ejiri, ambacho sasa ni sehemu ya jiji la Shizuoka. Katika picha hiyo unaitazama ghuba ukiwa juu: paa za nyumba ziko chini kabisa, vyombo vimetia nanga mbele yake, kisha rasi ya Miho yenye misonobari inaikata bahari, na tanga nyeupe zinazidi kuwa ndogo kuelekea upeo. Majumba kadhaa makubwa ya makumbusho yameiweka kwenye tovuti zao bure, kwa ukubwa wa kutosha kuona nyuzi za karatasi.

Ikuze kwenye skrini uitazame kwa muda. Tanga hazikupakwa rangi nyeupe. Ni karatasi tupu iliyoachwa. Mistari ni michache kuliko ulivyodhani. Na bluu ya maji haikupakwa sawasawa: imekolea upande mmoja, ikafifia taratibu mpaka ikapotea. Kufifia huko kunaitwa bokashi, na ndiko kunakofanya picha hizi zinukie bahari. Tutairudia bokashi kwa kirefu.

Bluu yenyewe ina safari yake. Ilitengenezwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ikafika Japani kwa mikono ya Waholanzi wa Nagasaki, na Wajapani wakaiita bero-ai, bluu ya Berlin. Kwa miaka mingi ilikuwa ghali. Bei iliposhuka mwishoni mwa miaka ya 1820, wachapishaji wa Edo waliichangamkia, hata zikatoka picha nzima za bluu tupu, aizuri-e. Kabla yake walitegemea nili, pamoja na bluu ya ua dogo la tsuyukusa ambayo hupauka kwa mwanga na kwa unyevu. Bahari ya Hokusai na Hiroshige imesimama juu ya rangi hiyo ya kigeni.

Sasa ichore upya picha ya Ejiri kwa urahisi, kwenye fremu ya sentimita 15 kwa 22. Ukubwa wa kawaida wa Hiroshige, oban, ulikuwa takriban 25 kwa 37, lakini huo uache kwanza. Bakiza paa tatu au nne, vyombo viwili vya karibu, rasi yenye misonobari, tanga tano za mbali, mlima mmoja. Futa watu. Futa kamba za milingoti.

Hatua ya 2: Vifaa

Mbao. Mafundi wa Edo walitumia mcheri wa mlimani, yamazakura, mgumu na wenye nyuzi zilizobanana. Wanafunzi wa leo Japani hutumia zaidi plaiwudi ya mti ambao kwa Kijapani huitwa shina, nao ni laini. Usipoipata, tafuta plaiwudi yenye uso laini usio na vinyweleo. Igonge kwa kifundo cha kidole kote. Mahali inapotoa sauti ya utupu, gundi imeachia ndani, na maji yataipasua. Mninga na mvule ni mbao nzuri za fanicha, lakini vinyweleo vyake vikubwa vitatokea kwenye anga lako kama mvua. Mjakaranda, ambao wachongaji wa vinyago wa Kenya wanaufahamu vizuri, unachongeka bila ugomvi ukiwa umekauka sawasawa. Nunua vipande viwili vya sentimita 22 kwa 30, unene milimita 9 au zaidi. Vipande viwili vina nyuso nne, na nyuso nne zinatutosha.

Visu. Kisu kimoja cha ncha ya mshazari, bobari mbili, yaani patasi zenye makali yaliyopinda (moja nyembamba, moja pana), patasi bapa ya milimita 6, na jiwe la kunolea. Kisu kinyoe nywele za mkono. Kisichonolewa huponda ukingo wa mstari badala ya kuukata, na ubao uliopondwa hukunja uso wake pale unapolowa.

Karatasi. Ya Kijapani hutengenezwa kwa nyuzi za kozo, mti wa jamaa ya mforsadi. Nyuzi zake ni ndefu, ndiyo maana karatasi huvumilia kusuguliwa mara kumi ikiwa mbichi. (Ndugu yake wa karibu kabisa aliletwa Uganda zamani, sasa amevamia misitu ya Budongo na Mabira, na sokwe wa Budongo wanamla kwa furaha. Karatasi iko pale msituni, inasubiri mtu mwenye sufuria.) Ukiagiza kozo, taja kwamba unataka iliyopakwa dosa, mchanganyiko wa gundi ya ngozi na shabu unaozuia rangi kusambaa kama chai kwenye kitambaa. Ukiikosa, tumia karatasi laini ya rangi za maji isiyong'aa. Haitakupa kina kile, ila itakufundisha.

Bareni. Hiki ndicho kifaa kinachochukua nafasi ya mashine: kisahani cha upana wa sentimita 12 hivi, ndani kina kamba iliyosokotwa kwa maganda ya mwanzi na kuzungushwa kama konokono, juu kimefungwa ganda jingine la mwanzi. Mwiko wa mbao unaweza kufanya kazi, ila huacha madoa. Mimi nilikata duara la plaiwudi, nikabandika kamba nyembamba ya katani kwa mzunguko kuanzia katikati, nikaifunika kwa kitambaa cha pamba kilichovutwa vizuri. Weka karatasi ya kuokea kati ya bareni na kazi yako ili iteleze.

Rangi. Nunua rangi za maji za tyubu na usome lebo: bluu ya Berlin ina alama PB27. Ongeza udongo mwekundu (PR101), udongo wa manjano (PY42 au PY43), na wino mweusi wa masizi. Kijani cha misonobari utakipata kwa kuchanganya bluu na manjano.

Brashi. Brashi mbili ndogo za viatu za nywele laini, na moja bapa ya upana wa sentimita 5. Mafundi wa Japani huunguza kidogo ncha za nywele kwenye chuma cha moto, kisha huzisugua kwenye ngozi kavu ya papa mpaka zipasuke ziwe laini kama pamba. Msasa mkali unasaidia, japo mtu wa pwani hana haja ya kuutafuta.

Uji. Koroga vijiko 2 vya chakula vya unga wa mchele kwenye nusu kikombe cha maji baridi, weka kwenye moto mdogo, endelea kukoroga mpaka weupe uondoke na uanze kung'aa. Ukipoa uwe mzito kama mtindi. Kwa joto letu unachacha upesi, basi uweke kwenye friji na upike mpya kila baada ya siku tatu.

Hatua ya 3: Bandika mchoro uso chini

Nakili mchoro wako kwa kalamu ya wino usioyeyuka kwenye karatasi nyembamba kabisa, ya kufuatishia au ya kufungia zawadi isiyo na rangi. Mchoro huu, hanshita, utakufa kwenye kisu, kwa hiyo upige picha kwanza. Pamoja na mistari ya picha, chora alama mbili za kupangia karatasi nje ya fremu. Nitazieleza kwenye hatua ya 5.

Paka uji mwembamba kwenye ubao kwa kiganja mpaka usikie unanata bila kuteleza. Laza mchoro uso ukiwa chini, yaani wino uguse ubao. Lainisha kutoka katikati kwenda nje. Picha yangu ya kwanza niliibandika uso juu kwa sababu ilionekana vizuri zaidi; nikachonga kwa siku tatu, na nilipochapa, vyombo vyote vilikuwa vinaelekea upande usio wao na jina langu linasomeka kama kwenye kioo.

Ikikaribia kukauka, lowesha ncha ya kidole na usugue mgongo wa karatasi kwa duara ndogo ndogo. Karatasi itatoka kama uchafu wa ngozi, ikibaki utando mwembamba. Tone moja la mafuta ya kupikia lililosambazwa kwa kitambaa litafanya kila mstari uonekane kama umechorwa kwenye ubao wenyewe.

Hatua ya 4: Chonga ubao mama

Ubao wa kwanza ni wa mistari. Mimi huuita ubao mama. Shika kisu kwa ngumi, makali yakikuelekea, ncha ikiongozwa na kidole cha mkono wa pili, ukivuta polepole kuja kwako. Mkono usiwe kamwe mbele ya makali. Kwenye pinde zungusha ubao, usizungushe kiwiko.

Siri iko kwenye mlalo wa kisu. Mstari uliobaki uwe kama tuta la shamba: juu mwembamba, chini mpana. Kwa hiyo ukikata pembeni mwa mstari, lalia kisu ili ukuta uteremke ukienda nje. Ukikata wima, au mbaya zaidi ukikata kwa chini, mlingoti wako utavunjika mara ya tano unaposugua. Baada ya mkato wa kwanza, kata wa pili milimita 2 pembeni ukiulaza kinyume; kipande cha katikati kitachomoka chenyewe kama uzi. Fanya hivyo pande zote mbili za kila mstari kabla ya kugusa bobari.

Bobari husafisha maeneo makubwa. Karibu na mstari kina cha milimita 1 au 2 kinatosha, lakini katikati ya nafasi pana kama bahari shuka mpaka milimita 4 au 5, kwa kuwa karatasi mbichi hubonyea na itaokota rangi huko chini. Kina kikifika kwenye tabaka la pili la plaiwudi, nyuzi zitabadilisha mwelekeo na bobari itaruka. Punguza nguvu, ingia kwa ubavu.

Fundi mmoja wa milango ya nakshi aliniangalia nikifanya hivi akacheka. Kwake, alisema, uzuri uko kwenye mashimo. Mwanga unaingia, kivuli kinakaa. Mimi nachonga mashimo yote hayo ili yasionekane. Ni kweli. Kinachochapwa ni kile usichokigusa, na ukishalielewa hilo mkono unaacha kupamba.

Hatua ya 5: Kento na mbao za rangi

Rangi nne zitakaaje mahali pake kwenye karatasi moja bila mashine? Jibu ni kento: vitako viwili vidogo vilivyochongwa kwenye ubao wenyewe, nje ya picha, upande ulio karibu nawe. Kona ya kulia unachonga pembe mraba, kagi. Kushoto kwake, kwenye ukingo huo huo, unachonga kitako kimoja kilichonyooka, hikitsuke. Kina cha milimita 1 kinatosha kushika ukingo wa karatasi. Ukuta wake uwe wima na safi. Tumia patasi bapa iliyonolewa upya.

Sasa usipime kwa rula. Paka wino kwenye ubao mama pamoja na kento zake, uchape nakala tatu kwenye karatasi nyembamba kavu. Kavu, kwa sababu karatasi iliyolowa imetanuka na itakudanganya. Bandika nakala moja, uso chini, kwenye kila uso uliobaki. Kwa njia hiyo kento za mbao zote ni watoto wa kento moja.

Kwenye kila nakala, paka penseli nyekundu mahali ambapo rangi ya uso huo itakaa. Uso wa pili: bahari na anga. Uso wa tatu: misonobari na mlima. Uso wa nne: paa na magamba ya vyombo. Rangi mbili zilizoachana sentimita 3 au zaidi zinaweza kukaa kwenye uso mmoja. Eneo la rangi lifike katikati ya unene wa mstari mweusi, lisiishie ukingoni, ili karatasi ikiteleza nusu milimita mstari uifiche aibu. Tanga za mbali hazina mstari mweusi: ni matundu tu uliyoyachonga kwenye uso wa bahari. Zichonge kwa kisu, moja moja, ukiwa umepumzika.

Hatua ya 6: Lowesha karatasi

Hapa ndipo nakuomba utulie.

Jioni ya kuamkia siku ya kuchapa, kata karatasi 12 za sentimita 19 kwa 27. Kona ya kulia na ukingo wa chini viwe mraba kamili, maana ndivyo vitakavyokaa kwenye kento. Lowesha kwa brashi pana karatasi moja, weka kavu juu yake, lowesha inayofuata, weka kavu, mpaka zote ziishe. Zifunge kwenye mfuko wa plastiki, juu weka ubao na kitu kizito. Usiku kucha maji yatatembea yenyewe kutoka kwenye mbichi kwenda kwenye kavu.

Asubuhi toa moja uishike kwa pembe. Ikilala kama kitambaa, iko tayari. Ikisimama wima, bado. Ikimetameta, imezidi, ipange kati ya karatasi kavu zisizo na maandishi kwa nusu saa. Kipimo changu cha mwisho ni shavu: iwe baridi shavuni bila kuacha maji.

Karatasi ikikauka katikati ya kazi inanywea. Niliwahi kupima karatasi moja mwanzo na mwisho wa asubuhi yenye upepo: ilipungua karibu milimita 1 kwa urefu. Milimita 1 inatosha kuitoa tanga kwenye bahari na kuipandisha mlimani. Basi zima feni. Funga dirisha la upande wa upepo. Toa karatasi moja kwa wakati, ichape, irudishe kwenye mfuko. Usipomaliza siku hiyo, mfuko mzima uende kwenye friji. Ukiuacha mezani kwa hali ya hewa ya pwani, ukungu utaonekana siku ya tatu.

Hatua ya 7: Chapa

Kaa ubao ukiwa mbele yako juu ya kitambaa kilicholowa ili usitembee. Panga kulia rangi, uji na brashi, kushoto karatasi. Futa ubao kwa kitambaa kibichi. Ubao mkavu una kiu: chapa tatu za kwanza hunywewa na kutoka zikiwa na mabaka, kwa hiyo tumia karatasi za takataka.

Anza na ubao mama. Dondosha wino kidogo, na pembeni yake uji wa ukubwa wa punje ya harage. Changanya hapo hapo kwa brashi kwa duara, kisha maliza kwa mipigo myepesi kufuata nyuzi za ubao. Uso ung'ae kama jani lenye umande. Ukiona madimbwi, umezidisha. Ondoa kwa brashi kavu.

Shika karatasi kwa mikono miwili. Kona ya kulia iingie kwenye kagi, bonyeza kwa kidole gumba. Ukingo wa kushoto ufike hikitsuke, bonyeza. Ndipo uiachie ishuke. Weka karatasi ya kuokea juu, kisha bareni: kiganja kikiwa bapa, uzito utoke begani, zigizaga fupi fupi kutoka karibu na kento kwenda mbali. Nyanyua pembe moja uchungulie. Kama mlingoti haujatoka, laza tena usugue hapo tu. Chapa karatasi zote 12 kwa ubao mama kabla ya kuhamia uso mwingine, kisha fuata rangi nyepesi kwenda nzito: paa, misonobari na mlima, mwisho bahari na anga.

Bokashi

Chapa kwanza bahari na anga kwa bluu nyepesi sana, tambarare, karatasi zote. Ukimaliza, ule ule uso utaurudia kwa bluu nzito, na safari hii rangi ipakwe upande mmoja tu.

Futa ubao kwa kitambaa kibichi mpaka uwe na unyevu sawa kote. Chukua brashi bapa, ichovye kwenye maji, ikung'ute. Sasa chovya pembe moja tu ya brashi kwenye rangi yenye uji, nyingine ibaki maji matupu. Iweke juu kabisa ya anga, pembe yenye rangi ikigusa ukingo, upeleke brashi kushoto na kulia kwa mstari ulionyooka, mara sita au saba, bila kuinyanyua na bila kuigeuza. Macho yako yataona rangi inajitandaza: nyeusi kwa bluu kwenye ukingo, kisha samawati, kisha maji. Ukanda wa namna hii juu ya anga ni saini ya Hiroshige kuliko hata muhuri wake. Laza karatasi mara moja, sugua kwa mkono mwepesi.

Kisha rudia kwa bahari. Wapi bluu ikolee? Amua kwa macho ya mtu wa pwani. Mimi huikoleza nyuma ya rasi, kwenye kina, na kuiacha ife inapokaribia vyombo vilivyotia nanga, kwa kuwa pale maji ni ya magoti na mchanga unaonekana. Safisha ubao kwa kitambaa baada ya kila karatasi, la sivyo rangi ya jana itaingia kwenye sehemu inayotakiwa kuwa maji. Bokashi nzuri hutoka kwenye chapa ya nne au ya tano, mkono unapoacha kuogopa. Ikiwa nyepesi, pitisha mara ya pili; hata mara ya tatu. Tabaka tatu nyepesi hutoa kina ambacho tabaka moja nzito haliwezi.

Ikiharibika, tazama maji kwanza

Vidoti vyeupe vilivyotawanyika kama ufuta vina jina lake kabisa, goma, ufuta wenyewe. Vinatoka kwa uji mdogo, karatasi kavu au mkono mwepesi. Ongeza kimoja baada ya kingine, usiongeze vyote kwa pamoja ukashindwa kujua dawa ilikuwa ipi. Wapo mafundi wanaoutafuta ufuta huo makusudi, na kwenye mchanga wa ufukwe unapendeza.

Mstari wenye manyoya: karatasi imelowa mno au haina dosa. Ukingo mzito kuzunguka kila eneo la rangi: rangi nyingi mno, imesukumwa nje na bareni. Rangi zilizopishana upande ule ule kwa karatasi zote: kento ya uso huo imekosewa, iongezee kwa kubandika kipande chembamba cha karatasi ngumu ukutani. Zikipishana ovyo ovyo, kila moja kwa namna yake, usiguse kento. Karatasi zako hazina unyevu sawa, zirudishe kwenye mfuko kwa muda wa saa mbili.

Kwa karatasi 12, ukipata 4 za kumpa mtu bila kuomba radhi, umefanya vizuri. Zikaushe kati ya kadibodi nene zenye uzito juu, ukibadilisha kadibodi kila baada ya saa chache siku ya kwanza, kisha uziache siku mbili. Usizianike kwenye kamba. Zitakunjamana kama biskuti ya mchele.

Mbao usizitupe

Mwaka 1926 Yoshida Hiroshi (1876–1950) alitoa picha za bahari ya Seto, ile iliyozungukwa na visiwa vikubwa vya Japani. Mojawapo ni ya mashua za tanga zilizotulia majini. Kwa mbao zile zile alichapa asubuhi, mchana, ukungu, jioni na usiku, akibadilisha rangi na bokashi tu. Ukiziweka pamoja ukutani, mashua haijasogea hata kidogo, lakini saa zimepita.

Kwa hiyo osha mbao zako kwa maji baridi bila sabuni, zikaushe zikiwa zimesimama kivulini, zifunge mbili mbili uso kwa uso kwa gazeti katikati. Wiki ijayo lowesha karatasi nyingine 12. Acha bluu ya juu, weka udongo mwekundu uliochanganywa na maji mengi kwenye upeo wa macho, ufifishe kwenda juu, na ukoleze bahari mpaka ikaribie weusi. Tanga zitabaki nyeupe vile vile. Zote tano zitakuwa zinarudi bandarini magharibi ikiingia.